Kujenga mfumo wa kupanga safari zinazovuka mpaka: anzia pale mpakani

Mtu yuko Weil am Rhein, mji wa Ujerumani, na ana ndege ya kuwahi EuroAirport. Anapanda tramu namba 8, anashuka kwenye kituo kikuu cha reli cha Basel, Uswisi, anaingia basi namba 50 na kufika uwanja wa ndege uliojengwa katika ardhi ya Ufaransa. Amepita nchi tatu, na hata saa moja na nusu haijaisha.

Yeye anahesabu safari moja. Mfumo wako utaikuta imekatwakatwa katika mafaili ya nchi mbalimbali, mengine yakiishia mpakani kana kwamba ng'ambo kuna bahari. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuprogramu kiasi na anataka kuviunga vipande hivyo. Nimeupanga kinyume na mazoea: wengi huanza na algorithimu ya kutafuta njia, na mpaka wenyewe wakauacha uje mwisho. Matokeo yake ni mfumo unaojibu vizuri ndani ya kila nchi, lakini ukiulizwa safari ya kilomita nne inayovuka mto, kimya.

Hatua ya 1: Orodhesha sehemu za kuvukia

Kabla ya kupakua faili lolote, chukua ramani na karatasi. Andika kila mahali ambapo mtu anaweza kuvuka mpaka unaoushughulikia: reli, basi, tramu, feri, daraja la waenda kwa miguu, njia ya baiskeli. Kwa kila mahali uliza: chombo kinachovuka ni cha nani? Kinaendelea mbele au abiria anashuka na kupanda kingine? Kuna ukaguzi wa pasi, na hufunguliwa saa ngapi? Mtu wa miguu anaruhusiwa kupita? Swali hili la mwisho usilidharau. Kuna vituo vya mpakani ambako magari hupita lakini mtembea kwa miguu hurudishwa, na ramani haitakwambia.

Usiamini kwamba mstari wa mpaka ndio unaogawa usafiri. Basel inafundisha vizuri. Kituo cha Basel Badischer Bahnhof kiko ndani ya Uswisi lakini ni cha reli ya Ujerumani. Ndani ya kituo kikuu, Basel SBB, kuna sehemu ya reli ya Ufaransa. Tramu namba 10 hutoka Uswisi, husimama Leymen nchini Ufaransa, kisha hurudi Uswisi na kumalizia Rodersdorf. Ukichuja data kwa kufuata mstari wa ramani, tramu hiyo utaikata mara mbili. Gawa kwa mwendeshaji, usigawe kwa nchi.

Orodha hii huenda isizidi kurasa mbili. Itunze, maana kila hatua inayofuata utairudia.

Hatua ya 2: Kusanya ratiba, na soma leseni

Utakutana na maumbizo mawili makubwa. La kwanza ni GTFS, lililozaliwa mwaka 2005 pale kampuni ya usafiri ya TriMet ya Portland, Marekani, iliposhirikiana na Google. Ni mafaili ya maandishi yaliyofungwa pamoja: stops.txt ina vituo, trips.txt ina tripu (mwendo mmoja wa chombo kutoka mwanzo hadi mwisho wa ruti), stop_times.txt ina saa za kufika na kuondoka, calendar.txt ina siku za kazi. Mtu mmoja anaweza kulielewa kwa siku moja. La pili ni NeTEx, kiwango cha Ulaya kinachoandikwa kwa XML. Ni pana, linaeleza mambo mengi ambayo GTFS haiyafikii, na ni zito kiasi kwamba nchi mbili zinaweza kulitumia sawasawa na bado mafaili yao yasifanane.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 2017/1926 inazitaka nchi wanachama ziwe na mlango mmoja wa kitaifa ambako data za usafiri hupatikana. Anzia hapo. Uswisi si mwanachama, lakini nayo ina tovuti yake ya wazi, opentransportdata.swiss. Kama mpaka wako hauna milango ya namna hii, waandikie waendeshaji mmoja mmoja, ukiwa na ile orodha ya sehemu za kuvukia mkononi. Anayeombwa data za ruti mbili anazozijua hujibu haraka kuliko anayeombwa kila kitu.

Ushauri wangu ni kugeuza kila kinachoingia kuwa umbizo moja la ndani, hata ikibidi kupoteza baadhi ya maelezo. Mfumo unaobeba maumbizo mawili hadi ndani ya injini, yaani programu inayotafuta njia, huzeeka mapema.

Leseni zisome mwenyewe, neno kwa neno. Moja inaweza kukuruhusu kuchanganya data na nyingine, jirani yake ikadai utaje chanzo kwenye kila jibu, ya tatu ikakataza biashara. Kwenye safari inayovuka mpaka, jibu moja hubeba leseni zote kwa pamoja, hivyo aliye mkali kuliko wote ndiye anayeamua.

Angalia pia tarehe za mwisho wa matumizi. Reli za Ulaya hubadilisha ratiba ya mwaka kila Desemba, mwishoni mwa juma la pili. Upande mmoja ukiwa na ratiba mpya na mwingine ukawa bado na ya zamani, treni zitaishia kwenye kituo cha mpakani na hakuna kitakachozipokea. Mfumo hautatoa kosa lolote, kwa sababu kwa hesabu zake hakuna kosa.

Hatua ya 3: Vituo

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na uuache uende.

Tatizo la kwanza ni kituo kimoja chenye majina na namba mbili. Mji wa Liège ni Luik kwa Kiholanzi na Lüttich kwa Kijerumani. Genève ni Genf na ni Ginevra. Kulinganisha herufi hakusaidii. Reli zina namba za kimataifa ambazo tarakimu mbili za mwanzo huonyesha nchi, 80 kwa Ujerumani, 85 kwa Uswisi, 87 kwa Ufaransa, na ungedhani zinamaliza ubishi. Lakini Basel Badischer Bahnhof ni 8000026 katika orodha za Ujerumani, na katika orodha za Uswisi ina namba nyingine inayoanza na 85. Mabasi na tramu hali ni mbaya zaidi, maana wengi hujitungia namba zao.

Kuunganisha kwa umbali peke yake nako ni mtego. Vituo viwili vilivyo mita thelathini kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kuwa kimoja, au vinaweza kuwa kingo mbili za mto usio na daraja. Tumia umbali kupata watuhumiwa, kisha jina lililosafishwa (ondoa alama za juu, fungua vifupisho) ili kuwapanga kwa uzito, halafu wale wa mpakani waamue mwenyewe kwa macho, mmoja mmoja. Ndiyo, kwa mkono. Kwenye mpaka mmoja ni vituo kadhaa, si maelfu. Jedwali hilo la mkono ndilo linalouweka mfumo hai wakati data zote nyingine zinapobadilika.

Usifute vitambulisho vya asili unapounganisha. Tengeneza kitambulisho chako cha ndani, kisha vining'inize vyote vya nje chini yake. Taarifa za kuchelewa, tiketi na malalamiko vitakuja vikiwa na namba za wenyewe, si zako.

Tatizo la pili ni tripu moja iliyoandikwa mara mbili. Treni ya mwendo kasi inayotoka Basel kwenda Frankfurt yaweza kuwemo katika data za Uswisi na za Ujerumani pia. Usipoondoa nakala, msafiri ataonyeshwa treni mbili zinazoondoka dakika moja kwenye jukwaa moja. Linganisha namba ya treni, tarehe na saa za vituo viwili au zaidi vinavyofanana. Ukizikuta sawa, baki na ile yenye njia ndefu zaidi.

La tatu ni kinyume chake: tripu iliyokatwa. Faili la kwanza linaileta hadi mpakani, la pili linaianzisha hapo hapo kama tripu mpya. Injini itamwambia abiria ashuke, kisha itamnyima muda wa kupanda tena treni ile ile aliyoketi. GTFS ina dawa: katika transfers.txt, transfer_type yenye thamani 4 inamaanisha abiria anabaki kitini. Tafuta jozi zote zinazofikia na kuondokea kituo cha mpakani zikiwa na namba moja ya treni, kisha ziandikie kanuni hiyo.

Baada ya hapo, pima muda wa kubadili chombo. Dakika tano zinazotosha katika kituo kidogo hazitoshi mahali penye ukaguzi wa pasi. Usiweke muda mmoja kwa mpaka mzima. Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1 na uandike muda wa kila sehemu.

Hatua ya 4: Saa na siku

Sisi tunaosema saa moja asubuhi huku simu ikituandikia 07:00 hatuhitaji kushawishiwa kwamba saa ni makubaliano tu. Kompyuta lazima ilazimishwe kuelewa.

Katika GTFS, saa huweza kupita 24. Basi la saa saba na nusu usiku lililo katika siku ya kazi ya jana huandikwa 25:30:00. Hesabu haianzi usiku wa manane, bali hurudi nyuma masaa 12 kamili kutoka adhuhuri, ili usiku wa kubadilisha saa usiharibu ratiba. Waendeshaji wote ndani ya faili moja lazima watumie ukanda mmoja wa saa, na saa za stop_times.txt hufuata ukanda huo hata kwa kituo kilicho nchi yenye saa tofauti. Soma sentensi hiyo tena kama unashughulikia Haparanda ya Uswidi na Tornio ya Ufini. Miji hiyo imepakana kiasi cha kutembea kwa miguu, na saa zao zinatofautiana kwa saa nzima. Mfumo uliokosea hapo utampa mtu basi lililokwisha kuondoka, au utamfanya asubiri saa nzima bure.

Kanuni ni fupi: ukishasoma data, geuza kila kitu kuwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), fanya hesabu zote humo, na rudisha saa ya mahali pale tu unapomwonyesha mtu. Onyesha kila kituo kwa saa ya ukuta wa kituo hicho, na saa inapobadilika njiani sema wazi. Ukitengeneza sura ya Kiswahili, amua tangu mwanzo kama utaandika 07:00 au saa 1:00 asubuhi, na usichanganye. Mimi huandika 07:00, kwa kuwa ndivyo ubao wa kituoni unavyosomeka.

Sikukuu ni jambo jingine. Tarehe 14 Julai ni sikukuu Ufaransa. 1 Agosti ni ya Uswisi. 3 Oktoba ni ya Ujerumani. Siku hizo upande mmoja unaweza kwenda kwa ratiba ya Jumapili na mwingine kwa ratiba ya kazi. Kwa hiyo usiwe na kalenda moja ya mfumo mzima. Kila tripu ifuate kalenda ya mwendeshaji wake, na calendar_dates.txt, faili la siku zinazotoka nje ya kawaida, lisomwe hadi mstari wa mwisho.

Hatua ya 5: Ghala moja, au mifumo inayoulizana?

Njia ya kwanza ni kumwaga data zote katika ghala moja na kuzitafuta kwa injini moja. Mradi wa Transitous, unaoendeshwa na watu wa kujitolea kwa kutumia injini huria ya MOTIS, umeonyesha kwamba hata mafaili ya nchi nyingi huweza kukaa pamoja.

Njia ya pili ni kila nchi kubaki na mfumo wake, na mifumo hiyo kuulizana. Ulaya ina kiwango cha mazungumzo hayo, OJP, kilichotolewa mwaka 2017 kwa namba CEN/TS 17118, na mradi wa LinkingAlps ulikitumia kuunganisha mifumo ya nchi za milima ya Alps. Kazi huenda hivi: mfumo uliopokea ombi unatambua kwamba mwisho wa safari uko kwa jirani. Unajiuliza wenyewe njia za kutoka mwanzo hadi kila kituo cha makabidhiano mpakani, unamuuliza jirani njia za kutoka vituo hivyo hadi mwisho, kisha unaunga vipande ambavyo saa zake zinaruhusu.

Mzigo uko katika idadi ya vituo vya makabidhiano. Ukiwa navyo vinane, unapeleka maswali manane, na jibu la msafiri linasubiri mfumo ulio mzito kuliko yote. Ukivipunguza viwe viwili, unaficha njia nzuri. Waendeshaji wa pande zote lazima wakubaliane orodha hiyo na kuihuisha pamoja, na huo ni mkutano, si msimbo.

Mimi nasema: ukiweza kuzipata data kihalali, weka ghala moja. Ni rahisi kulirekebisha, na kosa ukiliona unalifikia. Mifumo inayoulizana ina maana pale mwendeshaji anapokataa kutoa ratiba lakini yuko tayari kujibu maswali, au pale jirani anapojua kuhusu mtandao wake mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote.

Hatua ya 6: Injini

Usiandike ya kwako, isipokuwa unajifunza. OpenTripPlanner, iliyoanza mwaka 2009, na MOTIS zote ni programu huria. Hata hivyo elewa kinachofanyika ndani, la sivyo hutajua kwa nini jibu ni baya.

Algorithimu ya Dijkstra ya mwaka 1959 inatosha kwa barabara, ila kwa ratiba ni nzito. OpenTripPlanner ya sasa hutumia RAPTOR, iliyochapishwa mwaka 2012 na Delling, Pajor na Werneck. Yenyewe huenda kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza hutafuta unakoweza kufika kwa chombo kimoja; wa pili, kwa vyombo viwili; na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba inakupa kwa pamoja njia ya haraka yenye kubadili mara nne na njia ya polepole yenye kubadili mara moja. Mwonyeshe msafiri zote mbili. Mwenye masanduku na watoto hatachagua kama wewe.

Mitaa na njia za miguu utazitoa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Pakua eneo linalofunika pande zote mbili kama kipande kimoja. Ukipakua nchi mbili kisha ukaziunganisha, kagua kila daraja la orodha yako ya kwanza, kwani mkato wa faili hupenda kupita katikati ya mto.

Kuchanganya vyombo kuna ugumu wake. Msafiri aliyeacha gari maegeshoni hawezi kulitumia tena ng'ambo. Injini lazima ikumbuke kwamba gari limebaki nyuma. Baiskeli za kukodi, ambazo data zake huja kwa umbizo la GBFS, mara nyingi zina eneo la mwisho, na eneo hilo laweza kuishia mpakani. Ukipuuza mipaka hiyo utamshauri mtu avuke na baiskeli ambayo hataweza kuirudisha. Ndege na feri zinahitaji muda wa kujiandikisha kabla ya kuondoka. Uweke kama sehemu ya safari yenye jina lake, usiufiche ndani ya kutembea.

Hatua ya 7: Taarifa za papo kwa papo

Zitakujia kwa GTFS Realtime, au kwa SIRI, kiwango cha Ulaya cha taarifa hizo. Kuzisoma si shida. Shida ni kwamba treni iliyochelewa dakika ishirini kabla ya mpaka inaweza kuonekana iko kwa wakati kwenye taarifa za nchi ya pili hadi itakapoingia. Kwa sababu uliunganisha tripu katika hatua ya 3, unaweza kuubeba ucheleweshaji mbele mwenyewe. Fanya hivyo, lakini weka alama kwamba ni makadirio, na taarifa mpya ya upande wa pili ikifika iachie nafasi. Chanzo kikinyamaza kwa dakika kadhaa, rudi kwenye ratiba na useme hivyo kwenye jibu.

Hatua ya 8: Nauli

Usijumlishe. Nauli za vipande viwili si nauli ya safari nzima, kwa kuwa kuna tiketi za pamoja, kadi za punguzo na sarafu mbili. Onyesha bei ya kila kipande kwa sarafu yake, faranga kwa faranga na yuro kwa yuro, kisha mpeleke mtu kwa muuzaji. Pia mwonye waziwazi pale ambapo tiketi mbili tofauti humaanisha kwamba akikosa chombo cha pili hakuna wa kumlipa.

Hatua ya 9: Jaribu kama msafiri, kila usiku

Tengeneza orodha ya safari hamsini ambazo majibu yake unayajua. Ziwemo za kila sehemu ya kuvukia, pande zote mbili, maana kwenda na kurudi hazifanani. Weka safari ya usiku wa manane, ya sikukuu ya upande mmoja, ya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba ambapo saa za Ulaya hubadilika, na ile ya kuvuka daraja kwa miguu mahali ambapo basi lingemzungusha mtu. Wape madereva na wakata tiketi wa mpakani wayaone majibu. Watacheka kwanza, kisha watakwambia kosa ambalo usingelipata kwa mwezi mzima.

Halafu hesabu. Kila data mpya inapoingia, programu ihesabu ni tripu ngapi zinavuka kila sehemu iliyo kwenye ile karatasi ya hatua ya 1, na ilinganishe na jana. Idadi ikishuka ghafla mahali popote, au ikafika sifuri, mfumo uendelee na data za jana na kukutumia ujumbe. Ukiupata, fungua kwanza tarehe za mwisho wa matumizi za faili la upande wa pili, kisha jedwali la vituo.